Watoto wa Mandela na swali la ujana: historia ya utafiti wa afya Soweto

Msikilizaji, tarehe 23 Aprili mwaka 1990, wiki kumi baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani, watafiti wa afya mjini Johannesburg, Afrika Kusini, walianza kuwaorodhesha watoto wachanga. Waliendelea kwa wiki saba, hadi tarehe 8 Juni. Orodha ilipofungwa ilikuwa na watoto 3,273 wa Soweto na Johannesburg, na wengi wao walikuwa wa familia za Waafrika. Magazeti yakawapa jina la Watoto wa Mandela, kwa kuwa walizaliwa katika mwaka ambao mlango wa uhuru ulianza kufunguka.

Mradi huo uliitwa kwanza Birth to Ten, yaani tangu kuzaliwa hadi miaka kumi. Shabaha yake ilikuwa kufahamu namna mtoto anavyokua mjini: uzito wake, chakula chake, shule yake na nyumba anamolala. Muda ulipoongezwa, jina nalo likabadilika na kuwa Birth to Twenty. Hapo watoto walikuwa wanaingia katika umri wa kubalehe, na nchi yao ilikuwa imeingia katika janga la ukimwi. Mwaka 1990, uchunguzi wa wajawazito katika kliniki za serikali ulionyesha kwamba chini ya asilimia 1 walikuwa na virusi vya ukimwi. Mwaka 1998 kiwango hicho kilikuwa kimefika asilimia 22.8.

Kwa hiyo swali la zamani la wazazi wote duniani, yaani mtoto anayekua anajifunza wapi mambo ya mapenzi na anaongozwa na nani, likageuka kuwa swali la uhai na kifo. Watafiti walilijibu kwa namna tofauti kwa nyakati tofauti. Namna walivyoacha jibu moja na kushika jingine inaeleza mengi kuhusu vijana wa Soweto, na pia kuhusu watu wazima waliokuwa wakiwauliza maswali.

Kabla ya mji

Mara nyingi husemwa kwamba Waafrika hawakuzoea kuzungumza na watoto wao habari za mapenzi, na kwamba ukimya huo ndio utamaduni. Wanahistoria Peter Delius na Clive Glaser, katika makala waliyoichapisha mwaka 2002, walionyesha kwamba historia ya Afrika Kusini inasema vingine. Katika jamii nyingi za mashambani kabla ya enzi ya wamisionari na migodi, mafunzo yalikuwapo, tena ya wazi. Ila hayakutolewa na baba na mama. Yalitolewa na rika.

Miongoni mwa Wazulu, wasichana wakubwa walioitwa amaqhikiza waliwasimamia wadogo wao, wakijua nani ana mchumba na mambo yamefika wapi. Vijana waliruhusiwa mapenzi yasiyofikia tendo lenyewe. Wazulu waliyaita ukuhlobonga, nao Waxhosa ukumetsha. Kijana aliyevuka mpaka na kumpa msichana mimba aliaibika mbele ya wenzake, na familia yake ililipa faini, aghalabu ng'ombe.

Msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataitambua sura hiyo mara moja. Kungwi na somo, unyago na jando, vilifanya kazi inayokaribiana na hiyo. Mama mzazi hakutakiwa kumweleza binti yake mambo ya chumbani, lakini binti hakuachwa gizani, kwa sababu palikuwa na mtu maalumu aliyekabidhiwa dhamana ya kumfunda.

Hata hivyo, utaratibu huo haukuwa pepo. Ulilinda mahari na heshima ya wazee kabla ya kulinda utashi wa msichana. Msichana ndiye aliyekaguliwa, mvulana hakukaguliwa. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo vizazi vilivyofuata vilikuja kulikosa: kijana alijua mpaka uko wapi, na alikuwa na mkubwa wa kumwendea bila aibu.

Nyumba za vyumba vinne

Dhahabu iligunduliwa Johannesburg mwaka 1886. Mwaka 1904, baada ya tauni kuzuka, serikali ya mji iliwaondoa Waafrika katika mtaa wao karibu na katikati ya jiji na kuwapeleka Klipspruit, kilomita nyingi kusini magharibi. Huo ndio mwanzo wa eneo ambalo mwaka 1963 lilipewa jina la Soweto, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini magharibi. Orlando ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na watu wengi waliofukuzwa kutoka nyua za mabanda za jijini walihamishiwa huko.

Wanaume walifika kwa mikataba ya migodi na kulala katika mabweni bila wake zao. Sheria za pasi ziliamua nani aishi na nani. Wale waliopata nyumba walipewa nyumba ndogo za vyumba vinne ambazo wenyeji waliziita viberiti, na ndani yake walilala babu, wazazi, watoto na wapangaji. Rika lililowasimamia vijana kijijini halikuwapo tena. Wamisionari nao walikuwa wamekwisha kuyapiga marufuku mafunzo ya zamani kwa kuyaita dhambi, na mahali pake wakaweka usafi wa moyo na ukimya. Matokeo yake yakawa mzazi aliyefundishwa kanisani kwamba mambo hayo hayasemwi, na mtoto asiye na kungwi.

Wanaanthropolojia waliiona hali hiyo mapema. Eileen Krige aliandika mwaka 1936 kuhusu kubadilika kwa ndoa na wajibu wa wazazi miongoni mwa Waafrika wa mijini. Ellen Hellmann alichunguza maisha ya ua mmoja wa Johannesburg, na kitabu chake cha Rooiyard kilichapishwa mwaka 1948. Laura Longmore alitoa mwaka 1959 kitabu kizima kuhusu maisha ya mapenzi ya wanawake wa Kiafrika ndani na kando ya jiji hilo. Tafiti hizo zina thamani kubwa kwa kumbukumbu zake. Lakini mtazamo wa zama zile ulikuwa kwamba Mwafrika wa mjini ni mtu aliyepoteza kabila lake na kwa hiyo amepoteza maadili. Mimba ya msichana ilihesabiwa kuwa dalili ya uozo. Sheria iliyomtenga baba yake na mama yake haikuhesabiwa kwa uzito uleule.

Serikali ya ubaguzi wa rangi ilipoamua hatimaye kuwafikia wanawake Waafrika kwa huduma za uzazi, ilifanya hivyo kwa hofu ya idadi yao. Mpango wa taifa wa uzazi wa majira ulianzishwa mwaka 1974, na sindano ya kuzuia mimba ikaenea vitongojini, mara nyingi bila maelezo ya kutosha. Watu waliona kwamba serikali isiyowapa shule wala haki ya kupiga kura ilikuwa tayari kuwapa bure kitu kimoja tu, nacho ni njia ya kutozaa. Shaka hiyo haikusahaulika upesi. Mtafiti yeyote aliyebisha hodi Soweto miaka ya baadaye akiwa na hojaji mkononi aliikuta imemtangulia mlangoni.

Mamlaka yanapogeuka

Tarehe 16 Juni mwaka 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, na polisi wakawapiga risasi. Tukio hilo linajulikana duniani kote. Athari zake ndani ya nyumba hazijulikani sana. Watoto walikuwa wamethubutu jambo ambalo wazazi wao hawakulithubutu, na tangu hapo neno la mzazi halikuwa na uzito wa zamani. Katika miaka ya 1980 shule zilisusiwa kwa miezi mingi, na vijana ndio walioshika mitaa.

Ujasiri huo ulileta uhuru. Lakini pamoja nao kulikuwa na vijana wengine, wasio na shule wala kazi, waliotafuta uanaume kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Soweto ilipata neno jipya la kutisha: jackroll, yaani kumteka msichana hadharani, shuleni au kwenye baa, na kumbaka kwa pamoja. Steve Mokwena, aliyeandika kuhusu magenge hayo mwaka 1991, hakuridhika kuyaita unyama. Alionyesha jinsi ukosefu wa ajira, shule zilizovunjika na jiji lililowafungia milango vijana Waafrika vilivyozaa aina ya uanaume ambayo mwili wa msichana ulikuwa kitu pekee uliyoweza kukitawala.

Andiko hilo lilibadilisha swali. Badala ya kuuliza kwa nini vijana hawana maadili, lilitaka ijulikane maadili waliyo nayo yametoka wapi.

Maarifa peke yake

Janga la ukimwi lilipofika, jibu la kwanza karibu kila mahali lilikuwa elimu. Kama vijana wanaambukizwa, bila shaka hawajui. Hojaji za miaka ya 1990 zilipima maarifa, mitazamo na vitendo: je, unajua virusi vinaambukizwa vipi, unajua kondomu, umewahi kuitumia? Afrika Kusini ilikuwa na watu wabunifu katika kazi hiyo. Shirika la Soul City, lililoanzishwa mwaka 1992, lilitia mafunzo ya afya ndani ya tamthilia za televisheni na redio. Mwaka 1999 ilizinduliwa kampeni ya loveLife, na mabango yake makubwa yakatapakaa barabarani yakiwataka vijana wazungumze waziwazi.

Vijana wakajua. Wengi wangeweza kutaja njia za maambukizi bila kukosea. Lakini katika uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 1998, kati ya wasichana wenye umri wa miaka 19, asilimia 35 walikuwa wamekwisha kupata ujauzito. Kisha ukaja uchunguzi wa vijana wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2003 na kitengo cha afya ya uzazi cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005 na Audrey Pettifor, Helen Rees na wenzao. Walihojiwa na kupimwa vijana 11,904 wa umri wa miaka 15 hadi 24. Miongoni mwa wavulana, asilimia 4.8 walikuwa na virusi. Miongoni mwa wasichana walikuwa asilimia 15.5.

Tofauti hiyo inastahili kutafakariwa. Wasichana na wavulana hao walikaa madarasa yaleyale, wakatazama vipindi vilevile, wakapita chini ya mabango yaleyale. Maumbile ya mwili wa msichana humweka katika hatari zaidi, lakini hayatoshi kueleza pengo la mara tatu. Ujinga nao hautoshi. Ilibidi itafutwe sababu nyingine, na sehemu ya jibu ilipatikana katika kliniki za Soweto.

Majibu ya wanawake 1,366

Kati ya mwishoni mwa mwaka 2001 na mwanzoni mwa 2002, Kristin Dunkle, Rachel Jewkes na wenzao waliwahoji wajawazito 1,366 katika vituo vinne vya afya vya Soweto. Wanawake hao walikuwa wamekubali kupimwa virusi vya ukimwi. Maswali waliyoulizwa hayakuishia kwenye kondomu na idadi ya wapenzi. Waliulizwa nani anaamua mambo katika uhusiano wao, kama mwanamume anaweza kuwakataza kutoka nyumbani, na kama wamewahi kupigwa au kulazimishwa.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2004. Mwanamke aliyekuwa amepigwa au kulazimishwa na mpenzi wake, au aliyeishi chini ya amri kali ya mwanamume, alielekea kuwa na virusi mara moja na nusu zaidi ya mwenzake asiye katika hali hiyo, hata baada ya kuzingatia umri na mienendo yake mwenyewe ya hatari. Na waliopata kupigwa au kulazimishwa na wapenzi wao hawakuwa wachache. Walikuwa zaidi ya nusu ya wote waliohojiwa.

Katika kundi hilohilo, takriban mwanamke mmoja kati ya watano alisema amewahi kuwa na uhusiano wa pembeni uliosukumwa na fedha au mahitaji: chakula, nguo, nauli, ada ya mtoto. Wanawake hao hawakujiona kuwa makahaba, wala watafiti hawakuwaita hivyo. Katika vitongoji vya Afrika Kusini wasichana walikuwa na utani wao wenyewe, wakimwita mpenzi mmoja waziri wa fedha na mwingine waziri wa usafiri. Utani huo unaeleweka bila mkalimani hadi Dar es Salaam na Mombasa. Nchini Tanzania, kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000 ilimpa mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana kwa zawadi jina la Fataki, na jina likabaki midomoni mwa watu. Afrika Kusini, tangu mwaka 2016 hivi, walianza kumwita blesser, yaani mtoa baraka.

Kwa hiyo ushauri wa kumwambia msichana asisitize kondomu ulikuwa umesahau kuuliza atasisitiza vipi. Anayetegemea nauli ya mwanamume, na anayejua kwamba neno la ukaidi huleta kofi, hakosi maarifa. Anakosa nafasi ya kuyatumia.

Palikuwa pia na lawama iliyohitaji kuchunguzwa. Mwaka 1998 serikali ilianzisha ruzuku ya kumsaidia mlezi wa mtoto maskini, nayo ilianza kwa randi 100 kwa mwezi. Haukupita muda mrefu mitaa ikajaa uvumi kwamba wasichana wanazaa ili wapate ruzuku. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii, HSRC, uliochapishwa mwaka 2006, haukuona uhusiano huo. Idadi kubwa ya mama wenye umri mdogo hata hawakuwa wakiichukua.

Somo kutoka Mwanza

Soweto haikuwa peke yake katika kujifunza hayo. Mwaka 1999, katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, Tanzania, ulianza mpango wa MEMA kwa Vijana, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na chuo cha London cha afya na magonjwa ya kitropiki. Jamii 20 zilichaguliwa. Kumi zikapata masomo ya afya ya uzazi shuleni, huduma za kliniki zilizo rafiki kwa vijana, na uhamasishaji wa jamii. Kumi zikabaki kama kipimo. Zaidi ya vijana 9,000 walifuatiliwa.

Maarifa yaliongezeka waziwazi, na vijana walisema wamebadilika katika baadhi ya mambo. Lakini vipimo vya damu na mkojo havikuonyesha kupungua kwa virusi vya ukimwi wala kwa mimba. Uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008 ulithibitisha tena kwamba maarifa yalidumu, ila maambukizi hayakupungua. Wengi walivunjika moyo. Ukweli ni kwamba mpango huo ulifanya kazi kubwa, kwa sababu ulikuwa na ujasiri wa kupima badala ya kujipongeza.

Mwanza ilifundisha jambo jingine, ambalo ni la msingi kwa utafiti wote wa aina hii. Mary Plummer na wenzake walilinganisha njia tano za kupata habari kutoka kwa vijana: vipimo vya maabara, mahojiano ya uso kwa uso, hojaji ambayo kijana anajaza mwenyewe kwa msaada, mazungumzo marefu ya kina, na mtafiti kuishi kijijini na kutazama. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, walionyesha kwamba kijana yuleyule anaweza kutoa majibu yanayopingana. Walikuwapo wasichana ambao vipimo vilionyesha wana ugonjwa wa zinaa, nao kwenye hojaji walisema hawajawahi kumjua mwanamume. Hawakuwa waongo kuliko watu wengine. Walikuwa wakimjibu mgeni kama binti mwenye adabu anavyotakiwa kumjibu.

Dawa iliyojaribiwa baadaye nchini Afrika Kusini ilitoka pia Afrika Mashariki. Stepping Stones, mpango wa mazungumzo ya vikundi ulioandaliwa na Alice Welbourn kwa ajili ya Uganda na kutolewa mwaka 1995, huwaketisha vijana kwa makundi ya jinsia na umri, wakaigiza na kujadili maisha yao kwa wiki kadhaa. Ni kama rika la zamani limerudi kwa sura mpya. Jewkes na wenzake waliujaribu katika jimbo la Rasi Mashariki, na mwaka 2008 wakatangaza kwamba maambukizi ya malengelenge ya sehemu za siri yalipungua kwa takriban theluthi moja, na wanaume waliripoti ukatili kidogo zaidi kwa wapenzi wao. Maambukizi ya virusi vya ukimwi hayakupungua kwa kiwango cha kuthibitishwa. Ilikuwa hatua ya kweli, bila kuwa ushindi.

Sheria inapomkatisha kijana maneno

Kama ukweli unategemea imani, basi sheria za nchi nazo ni sehemu ya utafiti. Hapo Afrika Kusini ilijikuta katika mkanganyiko. Sheria ya Watoto ya mwaka 2005 ilimruhusu mtoto wa miaka 12 kupimwa virusi vya ukimwi na kupewa kondomu bila ridhaa ya mzazi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2007, kwa upande mwingine, iligeuza kuwa jinai mapenzi ya hiari kati ya vijana wawili walio chini ya miaka 16, na ikamlazimu kila mwenye kujua kosa dhidi ya mtoto kutoa taarifa polisi. Muuguzi aliyempa kijana kondomu kwa sheria moja alijikuta anaweza kutakiwa kumripoti kwa sheria nyingine. Mtafiti aliyeahidi siri alikuwa ameahidi jambo ambalo huenda asingeruhusiwa kulitimiza.

Tarehe 3 Oktoba mwaka 2013, Mahakama ya Katiba, katika shauri lililoletwa na kliniki ya Teddy Bear inayowahudumia watoto walionyanyaswa, iliamua kwa kauli moja kwamba vifungu vilivyowafanya vijana hao wahalifu vinavunja katiba. Hukumu iliyoandikwa na Jaji Sisi Khampepe ilizingatia utu wa mtoto na athari za kumfikisha mahakamani kwa jambo ambalo ni sehemu ya kukua. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 2015. Hukumu hiyo haikuhalalisha mtu mzima kumgusa mtoto. Hilo lilibaki jinai kama lilivyokuwa.

Kikwazo kingine kilikuwa ridhaa. Kifungu cha sheria ya afya kilichoanza kutumika mwaka 2012 kilitaka mzazi au mlezi akubali kabla ya mtoto kushiriki utafiti. Kinga hiyo ina maana yake, hasa kwa watu waliowahi kudungwa sindano bila kuelezwa. Lakini mtoto anayenyanyaswa na mlezi wake hawezi kuomba ridhaa ya mlezi huyohuyo ili aeleze yanayomsibu. Mwongozo wa maadili ya utafiti wa mwaka 2015 ulitoa nafasi kwa kamati za maadili kuruhusu vighairi kwa masharti.

Katikati ya mivutano hiyo, kazi ya Soweto iliendelea. Kitengo cha PHRU, kilichoanzishwa mwaka 1996 na Glenda Gray na James McIntyre katika hospitali ya Baragwanath kwa ajili ya kuwakinga watoto wachanga wasiambukizwe na mama zao, kilipanua shughuli zake na kuwafikia vijana. Kati ya 2010 na 2012, utafiti ulioitwa Botsha Bophelo, maneno ya Kisotho yanayohusu ujana na uhai, uliwahoji vijana 830 wa Soweto wenye umri wa miaka 14 hadi 19. Maswali yake yalikuwa yametoka mbali tangu enzi za hojaji za maarifa. Yaligusa huzuni na msongo wa mawazo, pombe, njaa nyumbani, ukatili, na ni nani aliyemlea kijana.

Walipokuwa watu wazima

Watoto wa Mandela walitimiza miaka 20 mwaka 2010, na utafiti ukaongezewa alama ya kujumlisha katika jina lake. Wakati huo wengine walikuwa na watoto wao, nao wakaanza kufuatiliwa kama kizazi cha tatu. Mwaka 2015 Linda Richter na wenzake, wakitumia kumbukumbu za kundi hilo, walichapisha uchambuzi kuhusu umri wa kuanza mapenzi uliotenganisha walioanza kwa hiari na waliolazimishwa. Tafiti nyingi za zamani ziliwahesabu wote pamoja, kana kwamba aliyebakwa alichagua.

Mwaka 2018 yakatoka matokeo mengine. Kumbukumbu za maisha yao tangu utotoni zilipojumlishwa, ni asilimia 1 tu ya watoto hao waliokuwa hawajawahi kushuhudia au kufanyiwa ukatili wa aina yoyote, nyumbani, shuleni au mtaani. Walizaliwa mwaka wa matumaini, wakalelewa chini ya katiba inayosifiwa duniani, na asilimia 99 waliujua ukatili.

Takwimu hiyo inaweza kusomwa kama hukumu juu ya Soweto. Historia iliyosimuliwa hapa inataka isomwe kwa namna nyingine. Ukimya wa wazazi uliletwa na kanisa na mji, haukurithiwa kwa mababu. Uanaume wa kutumia nguvu ulikuzwa na migodi, mabweni na kukosa kazi. Desturi iliyotengenezwa na watu ndani ya miaka mia moja inaweza kubadilishwa na watu, na sehemu ya mabadiliko hayo ilikwisha kuonekana katika vikundi vya vijana waliokaa na kuzungumza.

Kazi hiyo inahitaji muda na fedha, na fedha zimetikisika. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya afya na utafiti kwa Afrika Kusini, na vituo vya utafiti vya Johannesburg vilikuwa miongoni mwa vilivyoathirika. Mwaka huohuo wale waliozaliwa Baragwanath na kwingineko katika wiki zile saba za 1990 walitimiza miaka 35. Watoto wa baadhi yao sasa wamefika umri wa kubalehe, na wao nao wanahitaji mkubwa wa kumwendea bila aibu.